Balikushitaki ku Ordre des Médecins? Omba dosie mbele ya kujibu

Hii mwongozo ni ya ba dokta ba Lubumbashi, na bale ba Likasi, Kipushi ao Kasumbalesa, benye banapokea barua ya Conseil provincial ya Ordre des Médecins (baraza ya provense yenye inahukumu ba dokta ku kazi yao) na habajue bataanzia wapi.

Barua yenyewe mara mingi ni fupi. Inakuomba ufike ku biro siku fulani, saa fulani, juu ya mashitaka yenye inakuhusu, basi. Haisemi nani alishitaki, haisemi mugonjwa gani, wala kosa gani. Na munganga, juu anajua roho yake ni safi na iko na haraka ya kusafisha jina, anakaa ile usiku ku ordinatere, anaandika kurasa ine za kujitetea juu ya mugonjwa mwenye anawaza njo alilalamika, asubuhi anaipeleka. Kumbe mashitaka ilikuwa ya mugonjwa mwingine. Sasa Conseil iko na mambo mbili ku meza, na ya pili ni weye mwenyewe uliileta.

Kwa hiyo utaratibu wote wenye unafuata hapa chini unasimama juu ya kitu moja: omba dosie kwa maandishi, isome, halafu njo ujibu.

Hatua ya 1. Jua barua inatoka mulango gani

Munganga anaweza kushitakiwa ku milango mingi, na kila mulango iko na dosie yake. Ordre inahukumu munganga kama munganga. Iliundwa na ordonnance-loi n° 68-070 ya tarehe 1 Machi 1968, na kanuni za deontolojia (adabu ya kazi ya munganga) ziko mu ordonnance n° 70-158 ya tarehe 30 Aprili 1970. Ordre haipeleke mutu Kasapa, gereza ya Lubumbashi, lakini inaweza kukuonya, kukusimamisha kazi, ao kufuta jina yako ku tableau (liste ya ba dokta benye ruhusa), na mwenye haiko ku tableau hana ruhusa ya kutibu mu Kongo. Parke, biro ya ba magistra benye banashitaki, yeye anafuata kosa ya jinai, kuua ao kuumiza mutu kwa kukosa uangalifu, artikle 52 na zenye zinafuata mu livre II ya Code pénal, na pale Kasapa inaanza kuwa karibu. Tribinali ya civil inatafuta fidia, artikle 258 ya livre III ya Code civil. Kuko tena inspection ya afya ya provense, yenye inaangalia kazi ya lopitali yenyewe.

Familia yenye uchungu inaweza kugonga milango yote mu wiki moja, na siwalaumu, mutu mwenye ametoka kuzika mutoto wake hawezi kukaa anachagua biro yenye inafaa. Lakini weye angalia kichwa ya barua, angalia kashe (muhuri), angalia namba ya referanse. Kama inatoka ku parke, acha hii mwongozo kwanza upigie avoka simu. Kule uchunguzi wa magistra unafanyika kwa siri na hauombe fotokopi sawa vile ku Ordre. Dosie inafunguka muzuri wakati kesi inafika ku tribinali, na avoka anaisoma ku grefe, biro ya tribinali yenye inatunza dosie. Haki ya kuwa na avoka, yenyewe, inaanza mbele ya pale: artikle 19 ya Katiba ya tarehe 18 Februari 2006 inasema hata mu uchunguzi wa polisi.

Kama ni Ordre, endelea.

Hatua ya 2. Andika barua ya kuomba

Usikae kimya na usikatae kufika. Ba dokta bangine banawaza kama hawaendi ile mambo itakufa yenyewe, apana, Conseil inaweza kuendelea bila weye, na utakuja kusikia uamuzi ku simu ya konfrere, dokta mwenzako. Jibu, lakini jibu yako ya kwanza iwe ya kuomba, isiwe ya kujitetea. Utaiandika kwa Kifaransa juu njo luga ya ile biro, maana yake iwe hivi:

«Bwana Prezidenti, nimepokea konvokasio yenu namba fulani ya tarehe fulani na niko tayari kufika mbele ya Conseil. Ili niweze kujibu muzuri, naomba munipatie fotokopi ya mashitaka pamoja na anekse zote, jina na sifa ya mwenye alishitaki, jina ya mugonjwa na tarehe za mambo yenye ninaulizwa, artikle za deontolojia zenye munafikiri nilivunja, rapo ya mutaalamu kama iko, maandishi ya ba shahidi kama yako, na karatasi zote zenye lopitali iliwapa. Naomba pia majina ya memba benye batakaa mu hii kesi pamoja na raportere, ruhusa ya kuja na avoka wangu, na siku za kutosha za kusoma mbele ya kusikilizwa. Kama fotokopi haiwezekane, naomba munipangie siku ya kuja kusoma dosie ku sekretariati.»

Ile sentensi ya mwisho iweke, usiisahau. Conseil yenye haitaki kutoa karatasi inje inaweza kukubali usome pale pale, na kusoma pale pale ni mara kumi bora kuliko kutosoma.

Tena majina ya memba sio kupenda habari za batu. Lubumbashi ba dokta tunajuana bote, raportere, memba mwenye anasoma dosie na kuieleza Conseil, anaweza kuwa mwalimu wako wa UNILU (université ya Lubumbashi), ao mwenye kliniki mbele ya kliniki yako mu avenue moja, ao shemeji ya ule mama mwenye alilalamika. Ukijua mapema unaweza kuomba kwa adabu asikae mu kesi, na mutu wa akili atakubali yeye mwenyewe. Ukijua siku ya audiensi, kila mutu ameshakaa ku kiti, utaonekana ni mutu wa matata.

Peleka kopi mbili. Moja inabaki kule, ya pili sekreteri anaipiga kashe, anaandika tarehe, namba ya kuingia na anasinye. Ile kopi yenye kashe njo akize yako, ushahidi kama balipokea, iweke fasi ya usalama, piga nayo foto. Mesaji ya WhatsApp kwa sekreteri, hata kama alijibu «sawa dokta», haiko barua. Kama banakataa kupiga kashe, usigombane pale ku guishe, avoka anajua namna ya kuituma kwa huissier (mutu wa kupeleka barua za sheria) na huissier anarudisha ushahidi kama ilifika.

Siku zinapita na hakuna jibu? Andika ya pili, fupi, ikumbushe tarehe na namba ya ya kwanza, na safari hii utume kopi ku Conseil national kule Kinshasa. Ile mustari wa chini wenye unasema kopi imeenda Kinshasa unafanyaka kazi yenye kelele haiwezi.

Hatua ya 3. Sheria ya kushikilia

Mutu anaweza kukuambia «dosie ya Ordre ni siri, hatupatianaka». Siri iko kweli, lakini ni ya kulinda mugonjwa na kazi ya Conseil kwa batu ba inje; mwenye anahukumiwa haiko mutu wa inje. Fungua artikle 61 ya Katiba. Inataja haki zenye hazivunjwi hata serikali ikitangaza état de siège (hali ya hatari), sawa vile ile ya Nord-Kivu na Ituri ya mwaka 2021, na mu ile liste fupi kuko haki ya kujitetea na haki ya kukata rufaa, pamoja na haki ya kuishi na kukataza mateso. Haki ya kujitetea bila kujua unashitakiwa nini haina maana. Sema paka vile, kwa sauti ya chini, mu barua. Usiende kumusomea sekreteri Katiba, yeye anatunza rejista tu na kesho utamuhitaji tena.

Hatua ya 4. Yenye hautapata, na usipoteze nguvu juu yake

Inafaa kujua mu inchi zingine inaendaka namna gani, juu inakuonyesha mupaka uko wapi. Mu jimbo la Texas kule Marekani, sheria inasema munganga mwenye board ya leseni imemufungulia mashitaka rasmi akiomba kwa maandishi, board iko na siku 30 za kumuonyesha kila kitu chenye inataka kutumia kama ushahidi ku audiensi. Inaonekana wazi kabisa. Lakini sheria ile ile inasema board hailazimishwe kutoa rapo za ba wachunguzi wake, memo zao, mazungumuzo na ba avoka wake, wala jina ya mulalamikaji mwenye hatatoa ushahidi. Uingereza, General Medical Council, baraza ya ba dokta ya kule, ikimaliza uchunguzi inamutumia dokta tuhuma pamoja na ushahidi wenye inaisimamia, na anapata siku 28 za kujibu. Ufaransa, mashitaka ikiingia ku conseil départemental ya Ordre ya kule, prezidenti anamujulisha munganga na anaita pande mbili bajaribu kupatana mu mwezi moja.

Angalia vizuri: Texas na Uingereza, yenye munganga anapewa ni yenye itatumiwa juu yake. Notes za raportere za kujikumbusha, mazungumuzo ya memba kati yao, hiyo hapana, hata kule kwenye sheria imeandika siku kwa namba. Kwa hiyo na weye hapa usipige vita juu ya kitabu cha raportere. Piga juu ya kitu moja: kila karatasi yenye itasemwa siku ya audiensi niwe nimeiona mbele. Na kama siku ile banatoa karatasi mupya mu enveloppe, omba audiensi iahirishwe ili uisome, na omba ile ombi yako iandikwe mu PV (procès-verbal, karatasi yenye inaandika yenye ilisemwa).

Hatua ya 5. Wakati unangoja

Usiguse fishi ya mugonjwa, karatasi yenye unaandika matibabu yake. Najua inauma: unafungua fishi unaona kumbe ulifanya kipimo, ulimuona mugonjwa mara tatu, lakini uliandika mara moja. Mukono unataka kuongeza. Usiongeze hata nukta. Biki ya leo haifanane na biki ya miezi sita iliyopita, na mara mingi familia iko na foto ya ile ukurasa ku telefone tangu siku ya kwanza. Kosa ya kusahau kuandika ni kosa ndogo, fishi yenye imebadilishwa ni kosa kubwa kuliko mashitaka yenyewe. Kama unakumbuka kitu, andika ku karatasi ingine, weka tarehe ya leo, andika wazi kama ni kumbukumbu ya leo.

Fishi ni ya lopitali, kwa hiyo omba kopi kwa barua kwa médecin directeur. Usiingie mu chumba ya arshive na funguo ya rafiki. Ubaombe pia kopi ya rejista ya zamu, ya bloku (chumba ya kupasulia), ya laboratware. Fanya mapema. Zile rejista zinapotea, mvua inaingia, panya, rejista ikijaa inatupwa fasi.

Usipigie familia simu, hata kwa nia ya kutoa pole. Pole ilikuwa ya siku ya kifo, na kama haukuisema siku ile basi utaisema mbele ya Conseil, itasikika muzuri zaidi. Usitume mutu wa kanisa, usitume mujomba wao mwenye munafahamiana.

Na group ya WhatsApp ya promosio yenu, bale mulisoma nabo, tafazali. Unatuma foto ya fishi «ili ba konfrere banisaidie mawazo», jina ya mugonjwa iko pale juu, na sasa artikle 73 ya livre II ya Code pénal, ile ya siri ya kazi, imeingia mu hadisi yako bila kuitwa. Unataka mawazo ya konfrere? Muendee, mueleze bila jina.

Mutu mwingine atakupigia jioni anasema anajua mwenye anaweza kuondoa ile dosie, inataka dola kidogo tu ya kunywa. Usilipe. Mulalamikaji ataandika tena, na safari hii utakuwa umefanya kosa ya kweli.

Hatua ya 6. Siku ya kusoma dosie

Hapa njo unashinda kesi ao unaipoteza, ile siku ya audiensi ni nyuma ya hii. Usiende peke yako kama banakubali, enda na avoka ao na konfrere mwenye haogope makaratasi. Beba daftari, biki mbili, na uwe na masaa ya kutosha. Usianze kusoma, anza kuhesabu. Andika dosie iko na karatasi ngapi na kila moja ni nini, namna zinafuatana. Kama kesho dosie inakuwa na karatasi tatu zaidi, utajua.

Halafu soma mashitaka yenyewe polepole, na tenganisha yenye mulalamikaji aliona na macho, yenye aliambiwa, na yenye anawaza. «Dokta alikuwa anacheka ku telefone» aliona. «Muzalishaji alituambia dokta hayuko» aliambiwa, na pale unaandika pembeni: muzalishaji gani? «Balimupima damu ya uwongo» anawaza. Kila aina inajibiwa na njia yake.

Nyuma ya pale chukua fotokopi moja moja. Tuseme unashitakiwa kama mama alifika usiku na sezariene ilikawia masaa. Mu dosie kuko fotokopi ya partogramu (karatasi ya kufuatilia uchungu wa kuzaa saa kwa saa), na ku kona ya kushoto, fasi ya kuandika masaa, mashini ya fotokopi imekata. Inabaki paka «15» na «40», bila namba ya mbele. Mutu wa kwanza mwenye aliisoma alijaza mu kichwa yake: alifika 01h15, bloku 04h40. Sasa weye unafungua kopi yako ya partogramu yenye lopitali ilikupa, kona yote iko, unaona 03h15 na 04h40, na rejista ya bloku inasema anestezi ilianza 04h50. Ile dosie nzima ilikuwa inasimama juu ya sentimetre moja ya karatasi yenye haikuingia mu mashini. Kwa hiyo kila fotokopi yenye iko mu dosie yao uilinganishe na orijinali, kona zote ine, mbele na nyuma. Nyuma hasa. Ba infirmie bengi banaandika nyuma ya fishi wakati nafasi imekwisha, na mutu wa fotokopi haigeuze.

Angalia tena saini. Rapo ya mutaalamu iko na jina, tarehe, na imesinywa? Anasema alisoma nini? Kama alisoma fishi tu bila rejista ya bloku, hiyo ni jibu yako ya kwanza. Ni mutaalamu wa kazi gani? Konfrere wa macho akihukumu sezariene, uliza kwa heshima.

Ku mwisho tengeneza ukurasa moja ya masaa: saa, kitu gani kilifanyika, nani alifanya, karatasi gani inaonyesha. Fasi yenye hakuna karatasi, andika hakuna karatasi, usiijaze na kumbukumbu.

Hatua ya 7. Njo sasa unajibu

Jibu fupi, inafuata mustari kwa mustari ya mashitaka, kila jibu inaonyesha karatasi yake. Usiandike mambo ya tabia ya familia, kama walikawia kulipa, kama mama hakuhuzuria CPN (kliniki ya ba mama benye mimba), isipokuwa inahusu kabisa na iko mu fishi. Weka paka sehemu ya fishi yenye inajibu ile swali, mu enveloppe yenye imefungwa, imeandikwa confidentiel, kwa Prezidenti. Ya ugonjwa mwingine wa ule mama, ya ndoa yake, ya vipimo vyenye havihusu, inabaki ku lopitali.

Na mbele ya kuipeleka, avoka aisome hata kama unaandika Kifaransa kuliko yeye. Sababu ni hii: yenye unaandikia Ordre inaweza kufika mu mikono ya magistra, na neno kama «nilikawia kidogo», lenye mu masikio ya ba konfrere ni unyenyekevu, kwa magistra ni kukiri.

Hatua ya 8. PV, uamuzi, na rufaa

Mbele ya Conseil jibu yenye uliulizwa. Ku mwisho batakupa PV usinye. Isome yote, hata kama bote bamesimama bamevaa makoti banangoja. Kama imeandika «dokta alikubali» na weye ulisema «dokta alieleza», omba irekebishwe, na kama banakataa andika na mukono wako, juu ya saini, kama haukubaliane na ile mustari. Omba kopi.

Uamuzi ukitoka, uombe kwa maandishi, na sababu zake, apana kuambiwa ku simu. Siku yenye unapokea ile karatasi iandike juu ya enveloppe, juu siku za rufaa zinahesabiwa kuanzia pale na avoka atauliza hiyo mbele ya kila kitu. Rufaa inaenda ku Conseil national, na nyuma ya pale, kama sheria ilivunjwa, kuko njia ya Conseil d'Etat, pale njo zile kopi zako zenye kashe, ya kwanza na ya kukumbusha, zinaanza kusomwa na batu benye hawakujue.

Kama kashe haiko, ile rufaa inakuwa neno yako juu ya neno ya sekreteri. Rudia Hatua ya 2 leo, biro ingali wazi.